EJ257: Ukuta Mdogo Unaobeba Farasi 300

Asanteni sana, karibuni viti vya mbele bado vipo.

Kwenye ratiba mmeandika nizungumzie nguvu na uimara wa EJ257, injini ya Subaru WRX STI. Nguvu naimaliza sasa hivi, maana nyote humu mnazijua hizo namba. Ujazo ni sentimita za ujazo 2,457. Silinda nne zimelala, mbili kila upande. Kipenyo cha silinda ni milimita 99.5, mwendo wa pistoni milimita 79, na kwenye matoleo ya mwanzo mgandamizo ulikuwa 8.2 kwa 1. STI ya 2004 ilipoingia Marekani ilikuwa na farasi 300. Mwaka 2008 zikawa 305, toleo maalum la Type RA la 2018 likafika 310, na toleo la S209 la 2019 likapanda hadi 341. Basi, nguvu imekwisha.

Ninachotaka mtoke nacho hapa ni kipande cha aluminiamu ambacho wengi wenu hamjawahi kukishika. Pistoni ina mifereji mitatu ya ringi. Kati ya mfereji wa kwanza na wa pili kuna ukuta mwembamba, mafundi wanauita ringlendi. Huo ndio unaovunjika. Watu wanasema "tabo imeua injini", yaani ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, au "Subaru ni mbovu", halafu ukifungua unakuta tabo nzima, krenki yaani shafti kuu nzima, na ukuta huo umemeguka kipande kama ukucha. Mara nyingi ni silinda ya nne.

Kwa nini unavunjika? Petroli na hewa vinatakiwa viwashwe na plagi, halafu moto usafiri kwa utaratibu kutoka katikati hadi kingoni. Injini inapogonga, mchanganyiko uliobaki kingoni unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Mlipuko huo unapiga ukingo wa pistoni, palepale ringi zinapokaa. Sasa rudini kwenye kile kipenyo cha milimita 99.5. Ni silinda pana. Moto una safari ndefu, na mchanganyiko wa kingoni unapata muda mrefu wa kubanwa na kupashwa. EJ20, ndugu yake wa lita 2, ina kipenyo cha milimita 92, na hiyo ni sababu mojawapo inayoifanya ivumilie zaidi. Halafu pistoni za kiwandani za EJ257 ni za kusubu, yaani za kumiminwa kwenye kalibu, aluminiamu yenye silikoni nyingi. Hazitanuki sana zikipata moto, zinakaa kimya injini ikiwa baridi, hazichakai upesi. Lakini hazipindi. Zikizidiwa zinapasuka.

Kuna gari moja ambalo nalisimulia kila ninapoitwa, na nitaendelea kulisimulia mpaka watu waache kufanya kilichofanyika pale. Mwenye gari alikuwa kijana mwangalifu kweli. Oili kwa wakati, petroli nzuri, analiosha kwa mkono. Akanunua bomba la kuvutia hewa, pana kuliko la kiwandani, linang'aa, lina filta kubwa. Kwenye boksi palikuwa na maandishi kwamba linaongeza farasi na halihitaji kurekebisha kompyuta. Akalifunga mwenyewe. Gari likawa jepesi, linavuta vizuri, tabo inasikika ikipumua. Akafurahi, na mtu yeyote angefurahi.

Sasa sikilizeni kilichotokea ndani. Injini hii inapima hewa kwa sensa iliyokaa kwenye njia ya hewa. Kinachofika kwenye sensa ni mtiririko unaopita pale ilipo, na kompyuta inaugeuza kuwa kiasi cha hewa kwa jedwali lililoandikwa kwa ajili ya bomba la kiwandani. Ukipanua bomba, hewa ileile inapita polepole zaidi mbele ya sensa. Kompyuta inadhani hewa imepungua. Inafanya nini? Kwanza inapunguza petroli, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mkavu na joto linapanda. Pili, na hili ndilo watu hawalijui, kompyuta inasoma kwamba injini haina mzigo mkubwa, kwa hiyo inawahisha cheche ya plagi. Petroli pungufu na cheche ya mapema, kwa pamoja, wakati tabo inasukuma presha kamili. Ule wepesi alioufurahia kijana ulikuwa ni injini inayotembea ukingoni.

Ilikaa hivyo miezi. Siku moja anapanda mlima, gia ya tano, mizunguko iko chini, akakanyaga mpaka mwisho badala ya kushusha gia. Hakusikia kitu. Muziki ulikuwa unapiga, na hata bila muziki, ukiwa ndani ya gari huisikii sauti hiyo ya kugonga. Wiki iliyofuata gari likawa linatetemeka likiwa silensa, yaani limewashwa bila kukanyagwa, moshi wa bluu asubuhi, oili inapungua. Fundi akapima mgandamizo: silinda tatu ziko sawa, ya nne iko chini sana. Ikafunguliwa. Ukuta umemeguka, kipande kimechora silinda. Na neno la kwanza alilosema kijana ni kwamba injini hizi hazifai.

Nakataa! Injini ilifanya alichoiambia. Sensa ilidanganywa, kompyuta ikatii.

Najua mtu pale nyuma ana jibu: injini ina sensa ya kusikia kugonga, kompyuta itarudisha cheche nyuma yenyewe. Ni kweli, na sensa hiyo imeokoa injini nyingi. Lakini sensa inasikia kitu kilichokwisha kutokea. Kompyuta inajirekebisha kwa mwako unaofuata, haiwezi kurudisha ule uliopita. Pistoni ikipigwa pigo moja zito, marekebisho yanakuja kwenye pistoni iliyokwisha kupasuka.

Mwingine atasema Subaru walishinda ubingwa wa dunia wa rali kwa watengenezaji mwaka 1995, 1996 na 1997, kwa injini ya familia hiihii. Sawa, walishinda, na mimi ni mmoja wa waliokesha kwa furaha. Lakini zile zilikuwa za lita 2, zimeundwa kwa ajili ya mashindano, zinafunguliwa na kukaguliwa kila mara. Na kanuni zililazimisha hewa yote ipite kwenye tundu la milimita 34 kabla ya kufika kwenye tabo. Hakuna mtu aliyeweka tundu la milimita 34 kwenye gari lako.

Wa tatu: "Si niweke pistoni za kufua, zilizoumbwa kwa kugandamizwa, nimalize?" Ukitaka nguvu kubwa, weka. Zinavumilia kugongwa kuliko za kusubu. Hata Subaru wenyewe kwenye Type RA waliimarisha pistoni, na kampuni haiimarishi kitu ambacho hakina haja. Lakini pistoni za kufua hutanuka zaidi, kwa hiyo zinapewa nafasi kubwa ndani ya silinda, zinapiga kelele zikiwa baridi, na zinataka fundi anayejua kupima kwa maikromita. Na hazitibu kompyuta iliyodanganywa. Ukibadilisha njia ya hewa au eksozi, kompyuta irekebishwe kwa gari lako lenyewe, likipimwa mchanganyiko na kugonga. Kuna mafaili ya bure ya kurekebisha kompyuta yanayozunguka, yaacheni.

Petroli: okteni, yaani uwezo wa petroli kuhimili kugonga, iwe 98 kwa kipimo cha RON kama inapatikana, na isishuke chini ya 95. Ukilazimika kujaza ya chini, endesha kwa upole, usiiachie tabo ijaze presha, mpaka tangi lipate petroli nzuri. Na shusha gia kabla ya kukanyaga. Hilo la gia halina gharama yoyote, na linaokoa ringlendi kuliko kifaa chochote kinachouzwa.

Oili sasa, kwa haraka, nimechukua muda mwingi kwenye lile bomba.

Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inabeba takriban lita 4 na kidogo. Kutoka alama ya juu mpaka ya chini kwenye kijiti cha kupimia oili ni kama lita moja. Kwa hiyo ukifika alama ya chini umepoteza karibu robo ya oili yote, na taa ya presha haijawaka. Injini yenyewe ni fupi. Krenki imekaa kwenye sehemu tano ndani ya bloku fupi, kwa hiyo beringi zake ni nyembamba. Na kwa kuwa silinda zimelala, kwenye kona ndefu ya kasi oili inakimbilia upande mmoja, inajaa kwenye hedi, vifuniko vya silinda, na bomba la kunyonya linabaki linavuta hewa. Beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikikaa bila oili hata kwa muda mfupi, inakwaruzika, inashika, inazunguka mahali pake. Unasikia mlio mzito kutoka chini. Ukiusikia, zima gari papo hapo. Usiende nalo gereji, livutwe.

Tabo nayo inaishi kwa oili hiyohiyo. Shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, imeelea juu ya utando wa oili tu. Kwenye nyingi za Subaru zenye tabo kuna kiwavu kidogo cha kuchuja ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili huko. Oili ikichelewa kubadilishwa, uchafu unaziba kile kiwavu na tabo inakufa kwa kiu, mwenye gari analaumu tabo. Mwambie fundi akikague. Na kijiti kivutwe kila unapojaza petroli, injini ikiwa imezimwa na kupumzika kidogo. Kila unapojaza, sikusema kila mwezi.

Naona mwenyekiti ananyoosha kidole kwenye saa. Nilikuwa na mambo ya redieta na kipoza hewa kilichokaa juu ya injini, nayaacha. Gasketi za hedi: sifa mbaya mnayoisikia inazihusu zaidi zile za lita 2.5 zisizo na tabo. Hizi zinatumia gasketi za matabaka ya chuma, msiziogope kiasi hicho.

Mkanda wa taimingi, unaopatanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, siwezi kuuacha. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana. Ratiba ya Marekani ni maili 105,000, kama kilomita 169,000, au miezi 105, lolote litakalotangulia. Gari lililonunuliwa bila rekodi, badilisheni mkanda bila kusubiri, pamoja na kikazaji, rola zake na pampu ya maji, kwa sababu pampu hiyo inazungushwa na mkanda huohuo na ikishika inaukata.

Haya, maswali. Mwenye bomba pana kwenye gari lake anyooshe mkono kwanza.