Konda hasahau chenji

ZUHURA: Tumerudi, wasikilizaji. Leo ni presha na kumbukumbu. Beka, usianze kucheka.

BEKA: Mie nimenyamaza. Wasimulie.

ZUHURA: Jumanne, Kariakoo, kwa wakala. Foleni nyuma yangu, fundi ananipigia anataka hela yake. Ingiza namba ya siri. Kichwani peupe! Namba ya miaka minne! Nimekosea mara tatu, ikafungwa.

BEKA: Na yule kaka wa nyuma?

ZUHURA: "Mama, hiyo simu ya kwako kweli?"

BEKA: (anacheka) Ukaikumbuka saa ngapi?

ZUHURA: Usiku, naosha vyombo. Imekuja yenyewe, haina hata haya.

BEKA: Basi hapo ndipo nilipojiandaa. Ukibanwa, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, kisha kotisoli. Hiyo kotisoli inafika mpaka kwenye ubongo, sehemu inaitwa hipokampasi, inayokusaidia kuchota kumbukumbu. Ikizidi pale, namba ipo, ila huifikii. Ikishuka...

ZUHURA: Naosha vyombo. Sasa konda je?

BEKA: Konda gani tena?

ZUHURA: Wa Tandika. Watu wamebanana, dereva anamfokea, trafiki yule pale mbele. Na bado anajua mimi nimetoa elfu mbili, wa dirishani elfu kumi, yule mzee hajalipa. Haandiki popote! Kotisoli yake inaenda wapi?

BEKA: Yale kwake ni mazoea. Presha ikipanda, ubongo unakimbilia mazoea.

ZUHURA: Na namba yangu ya miaka minne?

BEKA: Wewe unaitumia mara ngapi kwa wiki? Yeye kutwa nzima. London kuna utafiti wa mwaka 2000, madereva wa teksi walipigwa picha za ubongo, hipokampasi zao kwa nyuma zikakutwa kubwa kuliko za wengine.

ZUHURA: Hao madereva. Nimeuliza konda.

BEKA: Dada, utafiti wa konda sina.

ZUHURA: Na yule aliyebaki na mia tatu yangu akajifanya kasahau, ile nayo hipokampasi?

BEKA: Ile tabia. Jamani, nina mambo matano hapa ya kutuliza presha. La kwanza: pumua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Moyo unapunguza mbio.

ZUHURA: Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Nimpumulie?

BEKA: Sijasema pumzi inalipa kodi. Ila ukitulia unaongea naye vizuri.

ZUHURA: Nikiwa nimetulia ndiyo anapandisha. Kinachonikaba kiko nje, Beka, wewe unanitengeneza mimi.

BEKA: Mtafiti mmoja Mmarekani, Robert Sapolsky, amefuatilia nyani kule Kenya miaka mingi. Wale wa chini, wanaoonewa, kotisoli yao iko juu muda wote...

ZUHURA: Asante! Dawa ya nyani wa chini si kupumua. Ni yule mkubwa aache kumpiga.

BEKA: Na asipoacha?

ZUHURA: ...

BEKA: Asipoacha, huyu wa chini asilale?

ZUHURA: Alale, lakini usiiite dawa.

BEKA: Mimi naiita dawa.

ZUHURA: Mimi sikubali.

BEKA: Haya. Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili.

ZUHURA: Dakika mbili? Wasikilizaji, tutumieni sauti: konda gani aliwahi kukurudishia chenji bila kudaiwa?

BEKA: Na mambo yangu manne?

ZUHURA: Wiki ijayo.

BEKA: Hata wiki iliyopita ulisema hivyohivyo.