Tunaposoma Kifo cha Mtoto wa Watu

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu wasomaji wa Tanga nanyi mliokuja kutoka Muheza na Pangani, asalaam aleykum, na wengine Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie namna tulivyokipokea kitabu ambacho kimekuwa kikizunguka mikononi mwetu tangu Ramadhani ilipokwisha, kitabu kinachosimulia mauaji ya mtoto JonBenét Ramsey, ambayo mpaka leo muuaji wake hajulikani. Sitawaambia nani aliua, na nalisema hilo mapema kwa sababu najua wapo waliokuja kwa shabaha hiyo tu, na mlango bado uko wazi. Ninachotaka kukieleza ni jinsi sisi wasomaji tulivyomshuku huyu na kumsamehe yule, na tulitumia ushahidi gani.

Yaliyothibitika yanaelezeka kwa ufupi. Alfajiri ya tarehe 26 Desemba 1996, dakika chache kabla ya saa 12, mama wa mtoto, Patsy Ramsey, aliwapigia simu polisi wa mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani, akasema kwamba binti yake wa miaka 6 hayumo ndani na kwamba ameikuta kwenye ngazi barua ya watekaji. Barua hiyo ilikuwa na kurasa mbili na nusu, ilidai dola 118,000, na ilionya kwamba wazazi wakimwambia mtu yeyote mtoto atauawa; baadaye ilibainika kuwa karatasi zake zilichanwa kutoka kwenye daftari la humo humo ndani. Ilipofika kama saa 7 mchana baba, John Ramsey, ambaye askari mpelelezi alikuwa amemwomba aikague nyumba, alimkuta mwanawe amekufa katika chumba kilicho chini kabisa ya jengo, akambeba akapanda naye juu. Mwaka 1999 baraza la wananchi walioteuliwa kuupima ushahidi lilipiga kura kwamba wazazi washtakiwe, si kwa kuua kwa mikono yao, bali kwa kumwacha mtoto katika hatari iliyomfikisha kwenye kifo na kwa kumsaidia mhalifu, lakini mwendesha mashtaka akakataa kutia saini kwa kuona kwamba ushahidi hautoshi, na kura hiyo haikujulikana rasmi hadharani mpaka 2013. Patsy alifariki kwa saratani mwaka 2006. Miaka miwili baadaye mwendesha mashtaka mwingine aliiandikia familia barua ya kuiondolea shaka na kuiomba radhi, kwa hoja ya vinasaba vya mwanamume asiyefahamika vilivyopatikana kwenye nguo za mtoto, ingawa wapo wapelelezi ambao hawakukubali kwamba vinasaba hivyo vinamaliza maneno.

Sasa turudi kwetu. Asubuhi ile, pamoja na kwamba barua iliwaonya wasimwambie mtu, wazazi waliwaita rafiki zao na mchungaji wao, nyumba ikajaa watu, na wageni wengine wakaanza hata kufuta meza za jikoni. Wasomaji wengi wa Marekani waliposoma habari hiyo waliona ni dalili ya hatia, wakauliza mzazi gani atakayevunja sharti la watekaji ikiwa kweli anaamini kwamba watekaji wapo. Katika mkutano wetu hakupatikana hata mmoja aliyeshtuka. Mama mmoja wa Ngamiani aliuliza, kwa hasira kidogo, “Ninyi mlitaka akae na mumewe wakitazamana?” Na alisema kweli ya mji huu. Mtoto akipotea Barabara ya 12, kabla askari hajavaa kofia yake watu wa Barabara ya 8 wamekwishajua, uani wameketi wanawake, mmoja kashika birika, mwingine anafagia kwa sababu wageni watazidi, na wanaume wamekwishagawana njia za kwenda kutafuta. Mwenye mji asiyeita watu katika jambo kama hilo ndiye atakayesemwa. Ni kweli kwamba kwa mpelelezi ujio ule ulikuwa msiba wa pili, maana alama za vidole, nyayo na nyuzi za nguo zilichanganyika zisiweze tena kutenganishwa, na ni chumba cha mtoto peke yake kilichozuiliwa. Lakini kuharibika kwa ushahidi ni jambo moja, na nia ya kuuharibu ni jambo jingine.

Hapo msidhani kwamba sisi tulikuwa waungwana kuliko Wamarekani. Tulipofika mahali kitabu kinapochora ramani ya nyumba na kuonyesha kwamba mtoto alilala ghorofa ya pili na wazazi ghorofa ya tatu, yule yule mama wa Ngamiani alikifunga kitabu akisema, “Huyu mama ana neno.” Wengi wakaitikia. Mtoto wa miaka 6, sikukuu imepita jana yake, analazwa mbali na wazazi kiasi hicho? Kisha zikaja picha za mashindano ya urembo wa watoto aliyokuwa akiingizwa JonBenét, rangi ya mdomo, nywele zilizotengenezwa kama za bibi harusi, na mjadala haukukatika mpaka tulipoadhiniwa magharibi. Ilipofika saa hiyo hukumu ilikwishatoka, na hakuna aliyekuwa ametaja barua, vinasaba wala kamba aliyonyongewa mtoto.

Mimi mashindano yale siyapendi, na ningekuwa jirani yao huenda ningesema. Lakini kutopenda kwangu hakumpeleki mtu yeyote katika kile chumba cha chini usiku ule. Tulichokifanya ni kumpima mwanamke wa Colorado kwa malezi ya Tanga, kama vile wenzetu walivyompima kwa malezi yao, na kila upande ukapata alichokosea. Angewaita majirani, angekosa kule. Asingewaita, angekosa huku.

Wapo walionijibu kwamba uso wa mfiwa hausemi uongo. Kwa hao nina kesi ya Australia. Tarehe 17 Agosti 1980 mtoto mchanga wa wiki 9, Azaria Chamberlain, alitoweka kwenye hema la wazazi wake karibu na mlima wa Uluru, na mama yake, Lindy, akapiga kelele kwamba amechukuliwa na dingo, mbwa mwitu wa nchi ile. Mumewe alikuwa mchungaji wa Wasabato, na kwa watu waliokuwa hawawajui Wasabato hilo lilitosha kuzusha kila uvumi wa kafara na mizungu. Tuna Wasabato hapa Tanga, na mnajua jinsi uvumi huo ulivyo upuuzi. Lakini kilichomwangamiza zaidi Lindy ni kwamba mbele ya kamera hakulia. Alijibu maswali kwa utulivu, na taifa zima likauona utulivu huo kuwa ukatili. Mwaka 1982 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji. Mwaka 1986 koti la mtoto likaokotwa mahali penye mapango ya dingo, akafunguliwa. Mwaka 1988 hukumu ikafutwa. Na mwaka 2012, baada ya miaka zaidi ya 30, afisa wa serikali anayechunguza vifo akaandika rasmi kwamba dingo ndiye aliyemchukua. Sasa fikirini mama yule angefiwa hapa. Mzee wa mtaa angesema, “Mwangalieni mwenzenu, ana subira,” na wanawake wangemtolea mfano kwa wengine. Macho makavu yale yale yangekuwa sifa kwetu, na kule yaligeuzwa dalili ya hatia.

Kuna jambo jingine ambalo linahusu mazoea yetu ya kusoma. Wengi wa umri wangu tulifundishwa hadithi za upelelezi na Muhammed Said Abdulla, na tukamzoea Bwana Msa wake, ambaye atavuta kiko chake, atasikiliza, na kabla kitabu hakijafungwa kila fundo litakuwa limefunguliwa. Ni sanaa nzuri na sina ugomvi nayo. Taabu ni kwamba tulikiingia kitabu cha mauaji ya kweli kwa hamu ile ile, na tulipofika mwisho pasipo na jina tulihisi tumedhulumiwa. Kijana mmoja alisema mwandishi katuchezea. Msomaji wa namna hiyo hakubali kukiacha kitabu hivyo. Hukimalizia mwenyewe, na kwa kukimalizia humchukua yeyote aliye karibu zaidi na maiti. Waandishi wanalijua hilo. Juu ya kesi hii moja vimeandikwa vitabu vinavyopingana kabisa, kimoja kikielekeza kwa mama, kingine kwa mtu aliyeingia kutoka nje, na nyaraka wanazotumia karibu ni zile zile.

Hamu hiyo niliiona waziwazi tulipofika sura ya mwaka 2006. Mwanamume mmoja alikamatwa Thailand akatangaza kwamba alikuwa na mtoto huyo wakati anakufa, na katika mkutano wetu nilisikia mtu akisema kwa sauti, “Alhamdulillahi, kapatikana.” Watu walipumua, kahawa ikaongezwa. Ukurasa uliofuata ulieleza kwamba vinasaba vyake havikulingana na vile vilivyokuwa kwenye nguo, naye akaachwa. Yule aliyeshukuru hakufurahi. Aliuliza kama vipimo viliaminika, vipimo vile vile ambavyo nusu saa kabla alikuwa akivitumia kumsafisha baba.

Na msidhani kwamba haya yaliletwa na televisheni. Mwaka 1860, huko Uingereza, mtoto Saville Kent, hata miaka 4 hajatimiza, aliuawa katika nyumba ya baba yake kijijini Road. Mpelelezi Jonathan Whicher aliyetumwa kutoka London alimshuku dada wa mtoto kwa baba, Constance, wa miaka 16, kwa sababu ya gauni la kulalia lililokosekana. Wasomaji wa magazeti walikasirika kwamba mtu wa tabaka la chini amemsingizia binti wa watu, wakawajaza maofisa barua za dhana zao, na mwandishi wa riwaya Charles Dickens mwenyewe alikuwa na dhana yake, iliyomtaja baba na yaya. Whicher akaporomoka. Miaka 5 baadaye Constance akakiri.

Nitamalizia na kaka wa JonBenét, ambaye usiku ule alikuwa na miaka 9. Kwa makusudi sikumtaja jina. Wamo miongoni mwetu wanaomtuhumu, na wamezoea kusema tuhuma hiyo kama mtu anavyosema hali ya hewa. Hakushtakiwa kamwe. Ni mtu mzima aliye hai, na kituo cha televisheni kilichotangaza kipindi cha kumwelekezea kidole kilishtakiwa naye, kikapatana naye mwaka 2019. Katiba yetu wenyewe, ibara ya 13, inakataza hata mshtakiwa asitendewe kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa; sembuse ambaye hakushtakiwa hata siku moja. Nakiri ibara hiyo inaibana serikali na mahakama zaidi kuliko wasomaji wanaokunywa kahawa, lakini sioni kwa nini tujiruhusu sisi kile tunachomkataza hakimu.

Zimebaki sura mbili, na mwenyekiti amekubali kwamba tutazisoma kwa utaratibu mwingine. Atakayemtaja mtu kuwa muuaji ataje na ukurasa anaoutegemea, ausome kwa sauti, kisha mwingine asome ukurasa unaompinga, kama upo. Atakayesema “namna alivyolia” au “namna asivyolia” ataombwa akae. Yule dada mshonaji aliyerudisha kitabu akiwa katikati, akasema ana binti wa umri huo na hawezi kuendelea, asibughudhiwe. Nafasi yake ipo, na karatasi za kitabu kinachofuata nimekwishamwekea.