Kilichozoeleka hakihesabiwi: mhadhara kuhusu chanzo, sababu na lawama

Wakubwa zangu shikamooni, vijana mambo vipi. Naona kuna watu wa sheria, watu wa sosholojia, na wale wa Muhimbili mmepanda mpaka huku Mlimani na foleni yote ile, asanteni sana. Muda ni mchache, niingie kwenye mada.

Tuchukue ajali moja, nimeitunga mwenyewe ila kila mtu humu ndani anaijua. Saa tatu usiku, mama anatoka kuuza samaki, ndoo kichwani, anavuka barabara, bodaboda huyo, kamgonga, mama anafariki palepale. Kesho yake taarifa inasema chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva, na hapo ndo imeisha. Sasa ukikaa ukachimba unakuta taa za barabarani pale haziwaki muda mrefu, zebra ilishafutika, taa ya mbele ya pikipiki imekufa na kijana hajanunua nyingine manake pikipiki ni ya mkataba na bosi anataka hesabu yake iwe mvua iwe jua, afu mama mwenyewe anavukia gizani kwa sababu kituo cha daladala kimewekwa ng'ambo ya soko. Toa chochote kimoja kati ya hivyo na huenda mama angefika kwake. Hivi kwa nini tumeokota kimoja tu tukakiita chanzo?

Wanafalsafa wamehangaika na hili muda mrefu sana. David Hume, Mskoti, mwaka 1748 alisema ukiangalia mpira wa biliadi ukigonga mwenzake, unachoona ni kwamba huu umekuja, umegusa, ule umeondoka, basi. Ile nguvu yenyewe ya kusababisha huioni popote, ni akili yako imeshazoea kuona hivi viwili vinafuatana. Afu humohumo akatupia sentensi nyingine, kwamba cha kwanza kisingekuwepo cha pili kisingetokea, na hiyo ni hoja tofauti kabisa na ya kwanza ingawa yeye aliziweka kama moja. David Lewis wa Marekani akaja kuijengea hiyo ya pili nadharia nzima mwaka 1973.

Watu wa sheria nyie mnaijua vizuri, ndo kipimo chenu cha kila siku: kama isingekuwa kitendo cha mshtakiwa, je, madhara yangetokea? Kuna keisi ya Uingereza, ya Barnett, hukumu yake iliripotiwa mwaka 1969, naomba niikalie kidogo. Walinzi watatu wa usiku wanakunywa chai alfajiri ya mwaka mpya wa 1966, wanaanza kutapika, wanajikokota wenyewe mpaka hospitali. Nesi anampigia simu daktari wa zamu, daktari naye hajisikii vizuri, anasema waende nyumbani wakawaone madaktari wao. Mmoja wao, Barnett, anafariki saa chache baadaye, kumbe chai ilikuwa na aseniki, sumu. Mjane akashtaki. Mahakama ikasema ndiyo, daktari alizembea, alipaswa kumwona mgonjwa, lakini hata angemwona na kumlaza, dawa ya kuzuia ile sumu isingemfikia kwa wakati, angekufa tu. Kwa hiyo uzembe upo, kifo kipo, na mjane hapati kitu. Mie kila nikiisoma naona kimantiki jaji yuko sawa, na bado inaniuma, sababu yule daktari siku ile hakujua kama mgonjwa anaokoleka au la, aligoma tu kumwona.

Afu hicho kipimo kina shimo. Watu wawili wasiojuana wanampiga mtu risasi kwa wakati mmoja, kila risasi inatosha kuua peke yake, basi kila mmoja atasimama aseme hata nisingepiga mimi angekufa. Ukikishika kipimo kama fomula, hakuna muuaji hapo. Ndo maana sheria haikitegemei peke yake, hata Kanuni ya Adhabu yetu kifungu cha 203 inasema mtu anaweza kuhesabiwa amesababisha kifo hata kama kitendo chake hakikuwa sababu pekee wala sababu ya moja kwa moja.

Sasa nifike kwenye kilichonileta. Mwaka 1959 Hart na Honoré, wanasheria wa Oxford, waliuliza nyumba ikiungua kwa nini tunasema chanzo ni moto wa sigara na hatusemi chanzo ni oksijeni, wakati bila oksijeni hakuna moto. Jibu lao ni kwamba oksijeni ipo siku zote, ni hali ya kawaida. Binadamu akitafuta chanzo anatafuta kisicho cha kawaida, au tendo ambalo mtu kalifanya kwa hiari yake, vingine vyote anaviweka pembeni anaviita mazingira. Nakubaliana nao, watu kweli ndo wanavyofikiri, na kinachonitisha ni hichohicho. Manake kwetu hapa taa mbovu imekaa mpaka imekuwa kama oksijeni! Giza ni kawaida, zebra iliyofutika ni kawaida, hesabu ya bosi ni kawaida, kwa hiyo kwenye orodha ya vyanzo anabaki kijana wa bodaboda peke yake. Simtetei, ashtakiwe, aliendesha usiku bila taa. Ila mahakama inauliza nani alipe au nani afungwe, hilo ni swali lake na ni halali, anayepanga barabara ana swali lingine, kwamba ajali ijayo itazuiwa wapi, na huyu akiazima jibu la mahakama atajaza magereza na watu wataendelea kugongwa palepale.

Watu wa afya wameshalipitia hili. Geoffrey Rose, daktari Mwingereza, aliandika mwaka 1985 kwamba kama kila mtu angekuwa anavuta sigara 20 kwa siku, tafiti zetu zote zingetuonyesha kwamba kansa ya mapafu ni ugonjwa wa kurithi. Hebu lifikirie hilo. Kisababishi kikubwa kuliko vyote kingepotea kwenye takwimu kwa kuwa tu kimeenea kwa wote, na takwimu ingekuwa sahihi kabisa kwa hesabu zake.

Wasosholojia msinikimbie, zamu yenu. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza, mwaka 1937 aliandika kuhusu Wazande, kabila ambalo baadhi yao wako Sudan Kusini ya leo. Ghala la nafaka limeanguka limeua watu waliokaa chini yake kupumzika kivulini. Wazande wanajua fika mchwa wamekula nguzo, na wanajua jua lilikuwa kali ndo maana watu wakakimbilia kivuli. Swali lao ni kwa nini lianguke saa ileile na juu ya hawa, na hapo ndo wanasema uchawi. Sasa nenda msibani kokote Dar, marehemu alikuwa na presha, cheti cha daktari kipo, na bado utasikia mtu ananong'ona kuna mkono wa mtu. Huyo hakatai presha. Anauliza mbona yeye, mbona sasa, na wenye vitabu tunamdharau wakati swali hilo hatujawahi kumjibu.

Lakini jibu analojipa linaua. Sheria ya Uchawi tunayo toka 1928, na bado kule Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa kuonekana wana macho mekundu. Mekundu kwa nini? Bibi amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua miaka yote kwenye kijumba kisicho na dirisha, moshi umemla macho. Moshi ule kila mtu pale kijijini kaukulia, umezoeleka, kwa hiyo hakuna anayeuhesabu, na macho yakabaki yanasubiri maelezo mengine, yakapatikana. Kwa hiyo nyie mnaoenda kufanya utafiti wa hayo mauaji, mafaili ya mahakama someni, mganga aliyepiga ramli mtafuteni, na jikoni kwa marehemu mwingie pia, mpime na huo moshi.

Naishia hapo, maswali karibuni, tuanze na yule dada wa nyuma, mpeni maiki.