Nani Aliagiza?

Pale mlangoni kijana mmoja wa bodaboda amenishika mkono akaniuliza, "Mwalimu, mambo ya Hague si yaliisha zamani?" Nimemwambia aingie, akae mbele, nimjibu watu wote wakisikia. Yuko hapa. Haya, nisikilize mwanangu.

Hayakuisha. Nasema kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague, kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wetu wa Desemba 2007. Mashtaka ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014 kwa kukosa ushahidi. Kesi ya William Ruto na mtangazaji wa redio Joshua Sang ilikatizwa tarehe 5 Aprili 2016, majaji wawili dhidi ya mmoja, na uamuzi wenyewe ulisema kwamba huko si kuachiliwa kuwa hawana hatia. Ushahidi ukipatikana, mlango uko wazi. Mimi sisemi nani alifanya nini. Mtu ambaye hajahukumiwa hana hatia, na hilo nitalitetea hata kwa nisiyempenda. Ninachosema ni kwamba kesi zile hazikuanguka kwa kukosa sheria. Zilikosa mashahidi. Mmoja alikana maneno yake, mwingine akajitoa, na majaji wakaandika kwamba mashahidi waliingiliwa.

Sheria tunayo, tena tunayo nyumbani. Mtanivumilia hapa, kwa sababu jambo hili nimelisema Kakamega, nimelisema Siaya, nimelisema Nakuru, na kila nikienda nasikia "hiyo ni sheria ya wazungu". Fungueni Katiba yenu, Kifungu cha 143(4). Rais ana kinga dhidi ya mashtaka ya jinai akiwa madarakani, sawa. Lakini kinga hiyo haifiki kwenye uhalifu unaoshtakiwa chini ya mkataba ambao Kenya imeuridhia na ambao wenyewe unakataza kinga. Mkataba wa Roma ndio huo, ulioanzisha mahakama ya Hague. Kenya iliuridhia Machi 2005, na Kifungu chake cha 27 kinasema cheo hakimkingi mtu. Hakuna mzungu aliyetuandikia 143(4). Tuliipigia kura Agosti 2010, wengi wenu mlipanga foleni hapa hapa Kisumu.

Halafu ikaja siku ya kuitia saini, Uhuru Park, tarehe 27 Agosti 2010. Nilikuwa nimekaa na majirani mbele ya televisheni, watoto wamekatazwa kupiga kelele. Kamera ikageuka upande wa wageni, tukamwona Omar al-Bashir wa Sudan ameketi. Mzee mmoja, jirani yangu, akauliza, "Huyu si anatafutwa?" Alikuwa anatafutwa kweli. Alikuwa na waranti mbili za Hague, ya Machi 2009 na ya Julai 2010, hiyo ya pili kwa mauaji ya kimbari ya Darfur, na Kenya ilikuwa na wajibu wa kumkamata. Siku hiyo hiyo tunaapa kwamba hata rais wetu hana pa kujificha, tukamwandalia kiti rais wa jirani. Yule mzee alizima televisheni kabla sherehe haijaisha. Nyumba ilikuwa yake, hatukubishana naye.

Lakini msiishie hapo, maana wengi huishia hapo wakavunjika moyo. Wanasheria Wakenya, wa tawi la Kenya la Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 28 Novemba 2011 Jaji Nicholas Ombija akaamuru kwamba Bashir akikanyaga tena Kenya, akamatwe. Khartoum ilikasirika hadi ikatangaza kumfukuza balozi wetu. Serikali yetu ikakata rufaa, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa nayo ikasema Kenya ilikuwa imevunja wajibu wake. Walalamishi Wakenya, majaji Wakenya, mahakama ya Nairobi. Mzungu yuko wapi hapo?

Sasa nije Kondele, hapa hapa Kisumu.

Januari 2008 mama mmoja, ambaye sitamtaja, alimpoteza mwanawe kwa risasi. Alinijia na shati la samawati ndani ya mfuko wa nailoni. Tundu lilikuwa mgongoni. Nikamwambia, mama, usilifue, wachunguzi watakuja. Akaliweka chini ya kitanda. Akahama nyumba mara mbili, na lile shati akahama nalo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ikafanya kazi yake, ikahesabu vifo 1,133 nchi nzima, 405 kati ya hivyo kwa risasi. Bahasha ya majina ya washukiwa ikaenda kwa mpatanishi Kofi Annan, ikatoka kwa Annan ikaenda Hague. Mama akangoja.

Machi 2011 majaji wa Hague walitoa hati za kuwaita watu sita. Kwenye kesi ya pili, ile ya Kenyatta, mambo ya Kisumu na Kibera yakaachwa nje. Sikilizeni vizuri sababu, kwa kuwa watu huieleza vibaya mitaani. Majaji hawakusema watu wa Kisumu hawakufa, wala kwamba maisha yao hayana thamani. Walisema mwendesha mashtaka hakuonyesha kwamba polisi waliopiga risasi walikuwa wakitekeleza sera ya serikali, na hakuwaunganisha na wale waliotajwa. Maiti zilikuwepo, majeraha yalikuwepo. Kilichokosekana ni uzi wa kutoka kwenye bunduki ya Kondele hadi kwenye meza ya aliyeagiza.

Jioni ile mama alinipigia simu. "Mwalimu, sasa naweza kulifua?"

Nilinyamaza. Akalifua. Ningemwambia asilifue, nami nilikuwa nimechoka kama yeye, sikusema. Nimelibeba hilo tangu siku ile, na ndiyo maana sichoki kusimama mbele yenu. Kifungu cha 29 cha Mkataba wa Roma kinasema makosa haya hayana ukomo wa muda. Wazee wetu wa mahakamani husema kwa maneno mawili: jinai haiozi. Shati lingeweza kungoja.

Najua mtaniambia shati haliwezi kumtaja aliyeagiza. Kweli, peke yake haliwezi. Lakini risasi hutoka kwenye bunduki, na bunduki hutolewa kituoni kwa saini kwenye daftari. Kituo kina mkuu wake wa zamu, mkuu wa zamu alipokea amri kwa redio au kwa simu, na anayemwamrisha naye ana mkubwa wake. Kila pete ya mnyororo huo ina karatasi au ina mtu aliyesikia. Tena sheria haidai kwamba mkubwa awe amefyatua, wala kwamba awe ametamka "ueni". Kifungu cha 28 kinamshika kamanda aliyejua, au aliyepaswa kujua, asizuie wala asiadhibu. Mwenye basi akiambiwa breki hazishiki, akaliruhusu liondoke na abiria kuelekea Nairobi, hawezi kusema "mimi sikuwa kwenye usukani".

Mnadhani ni ndoto? Agosti 2017, Nyalenda, mtoto wa miezi sita alipigwa akiwa nyumbani kwao, akafa. Jina lake mnalo, Samantha Pendo. Wazazi walisimama mahakamani hapa Kisumu wakasimulia, na mwaka 2019 uchunguzi wa mahakama ukawakuta polisi na lawama. Oktoba 2022 ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka ya umma ikaidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu, kwa Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008, na makamanda wakiwemo. Sheria hiyo ilikuwa haijawahi kutumika kumshtaki mtu Kenya hata siku moja. Kesi imeahirishwa mara nyingi mno, na inaniuma. Lakini ilianza Nyalenda, kwa wazazi waliokataa kunyamaza.

Naonyeshwa saa. Nilitaka kueleza Chad kwa urefu, sasa nitakimbia. Hissène Habré alitawala 1982 hadi 1990, akapinduliwa, akakimbilia Dakar akaishi kwa raha. Souleymane Guengueng, mhasibu aliyetoka gerezani akiwa mgonjwa, alikusanya maelezo ya mamia ya wenzake, akayaficha. Tarehe 30 Mei 2016 mahakama maalum ya Kiafrika iliyoketi Senegal ilimhukumu Habré kifungo cha maisha. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi tangu aanguke. Na waziri mkuu wa Rwanda wa wakati wa mauaji ya kimbari, Jean Kambanda, alikamatwa wapi? Nairobi, Julai 1997. Akahukumiwa Arusha, hapo ng'ambo tu.

"Mbona Waafrika peke yao?" Swali la haki kwa miaka mingi. Leo kuna waranti ya Putin ya Machi 2023 na ya Netanyahu ya Novemba 2024, na Duterte wa Ufilipino alipelekwa Hague Machi 2025. Wawili wa kwanza hawajakamatwa, nakubali, na ni aibu kwa kila nchi inayowapokea kama sisi tulivyompokea Bashir. Ila ukiniambia kwamba mwizi wa mtaa wa pili hajashikwa, kwa hiyo aliyeniibia mimi aachwe, hapo tutakosana.

Mambo ya fidia nayaacha, tutarudi siku nyingine.

Kwenye meza ya mlangoni kuna madaftari na dada wawili wanaojua kuandika maelezo. Mwenye namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, ripoti ya upasuaji wa maiti, au picha kwenye simu ambayo bado ina tarehe yake, apite pale kabla hajaenda nyumbani. Usikabidhi karatasi ya asili kwa mtu yeyote, hata kwangu, wape nakala. Na kama kuna nguo ndani ya mfuko, itoe kwenye nailoni, hushika unyevu. Ikaushe kivulini, uifunge kwa karatasi.

Usiifue.

Maswali sasa. Mama wa nyuma kule, anza wewe.