Kipindi cha 41: Panka ya tatu kutoka mlangoni

RUKIA: Twarikodi? Haya, asalaam aleikum wasikizaji, karibuni.

BADI: Na kabla hamjauliza, hiyo si mvua, ni panka. Wiki jana mlituandikia mkataka kujua ni nini kinachokwaruza huko nyuma.

RUKIA: Panka ya amiyo, kwenye chumba cha amiyo.

BADI: Namba moja haiendi, namba mbili haiendi, ukifika tano yataka kupaa.

RUKIA: Niache nianze, yakhe. Leo nimekuja na karatasi, mambo matano ya usonji, ile autism, kwa watoto wadogo. Lakini kwanza Jumamosi. Nilikuwa harusini Kibokoni, na dadangu alinikabidhi mwanawe, yule wa miaka miwili na nusu.

BADI: Makanga wetu!

RUKIA: Huyo huyo. Ukumbi umejaa, udi, vigelegele, watoto wenzake wakimbizana chini ya viti. Yeye kalala chali kwenye mkeka, aangalia panka. Zilikuwa sita, kachagua ya tatu kutoka mlangoni. Nusu saa nzima.

BADI: Kwa joto hili? Hata mimi ningelala.

RUKIA: Wewe ungegeuka ukiitwa kula. Nilimwita jina lake mara nne, nikapiga makofi, hata jicho halikusogea. Mtu nyuma yake akafungua pakiti ya biskuti, papo hapo akageuka.

BADI: Basi masikio yake ni mazima. Tumemaliza kipindi.

RUKIA: Nami nilidhani hivyo, kumbe mtoto aweza kusikia karatasi na asisikie sauti nyingine vizuri. Ndiyo maana masikio hupimwa kwanza, kabla ya mtu kutaja usonji. Sasa sikiliza. Mwenye ukumbi akaizima ile panka. Mtoto akainuka, akaja akanishika hapa, kwenye kifundo cha mkono. Usoni hakuniangalia. Akaniburura mpaka ukutani, akaubandika mkono wangu kwenye swichi. Badi, ulikuwa si mkono wangu. Ulikuwa upembo wa kuangulia maembe.

BADI: (anacheka) Upembo! Pole, Bi Upembo.

RUKIA: Cheka, lakini hakunyoosha kidole. Mtoto wa mwaka na nusu kwa kawaida akiona paka atakuonyesha, “ona!” Wala hamtaki huyo paka, ataka tu mumwone pamoja. Huyu sijamwona akifanya hivyo hata siku moja.

BADI: Lakini asema! Nimemsikia kwa masikio yangu: “Ferri, Posta, Ferri, wawili tu, wawili!”

RUKIA: Kwa sauti ya makanga ileile, hata ile mikwaruzo ya koo. Akiwa na kiu je? Neno “maji” hana. Arudia alichosikia, kuomba hajui. Na si kwamba kurudia ni bure, watoto wengine hupitia huko huko wakafika kwenye maneno yao. Lakini ukijumlisha na jina, na kidole, na mkono...

BADI: Na panka.

RUKIA: Panka peke yake si kitu. Kila mtoto ana kitu chake.

BADI: Hapo umenena. Kwa nyanya yangu, Allah amrehemu, kulikuwa na panka ya chuma, ile ya mabawa matatu, na regyuleta ya kuzungusha kama ya redio. Nilikuwa nahesabu.

RUKIA: Wahesabu nini?

BADI: Mizunguko! Ya namba mbili yahesabika, ya tatu yakupotea. Siku moja nikafunga uzi kwenye bawa moja...

RUKIA: Hapana.

BADI: ...mwisho wa uzi nikafunga kandambili ya babu.

RUKIA: Badi.

BADI: Ilitoka dirishani, ikaingia kwa jirani, kwenye sufuria ya mbaazi. Mpaka leo mamake huyo jirani akiniona huuliza, “mwenzake yuko wapi?”

RUKIA: (anacheka) Dakika ngapi zimebaki?

BADI: Kumi na moja. Na mimi, bibi, nilianza kusema nina miaka minne. Leo nalipwa kwa kusema.

RUKIA: Hulipwi.

BADI: Nitalipwa. Nisemalo ni hili: usimwambie dadako. Mngoje mtoto afike mitatu.

RUKIA: Mavyaake dadangu pia asema hivyo hivyo, “babake alichelewa.” Kombe, yale maji ya kuoshea aya, keshanyweshwa mara mbili. Na mara asema ni ile chanjo ya surua iliyomletea.

BADI: Chanjo sisemi mimi.

RUKIA: Bora, maana ile makala ya mwaka 1998 ya Wakefield, yule daktari aliyeihusisha chanjo yenye surua na usonji, jarida lenyewe liliifuta 2010. Surua hapa kwetu Kenya huchanjwa miezi tisa na miezi 18, na 18 ndipo watu huanza kuona mtoto hasemi. Mambo mawili yamekutana njiani tu. Lakini kungoja sikubali. Kuna dodoso la maswali 20, M-CHAT, la watoto wa miezi 16 hadi 30. Huyu ana 30! Halisemi mtoto ana usonji, lasema mpelekeni akaangaliwe.

BADI: Na akishapelekwa, mtaa mzima wajua. Binamu yangu alipewa jina akiwa mdogo, na si jina la daktari, la mtaani. Ana miaka 26, waliomwita hivyo wamekufa, jina liko.

RUKIA: Mtaa utampa jina upende usipende. “Kiziwi” wameshaanza. Mimi nataka apate mtu wa kumfundisha kuomba maji.

BADI: Wewe ni mama mdogo, si mama.

RUKIA: Na mimi ndiye upembo. Mkono ulioshikwa ni wangu.

BADI: Dadako atakuchukia.

RUKIA: Huenda.

BADI: Kwa hiyo utamwambia.

RUKIA: Alhamisi, akija kuchukua khanga.

BADI: Mimi bado nasema umngoje.

RUKIA: Nimekusikia.

(kimya, panka)

BADI: Ehe, karatasi yako. Jambo la kwanza?

RUKIA: La kwanza, vituo vya EARC vya wizara ya elimu, vile vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, ambavyo... nani huyo agonga?

BADI: Watoto wa chuo, wa madrasa. Ami huwafundisha hapa saa kumi.

RUKIA: Lakini ni saa kumi kasoro tano!

BADI: Nao wamewahi. Mambo matano wiki ijayo.

RUKIA: Wiki ijayo tuliahidi bei ya samaki.

BADI: Basi ile nyingine. Hebu, ile panka ya tatu ilikuwa na nini? Yayumba? Skrubu imelegea? Hawa watoto huona vitu.

RUKIA: Niliiangalia sana. Haikuwa na kitu, aliipenda tu.

BADI: Zima basi, watoto waingie.

RUKIA: Nizime rikoda au panka?