Mzigo umepotelea mlango gani? Kutafuta makosa kwenye SQL na kupakia data

Assalamu alaykum, hamjambo nyote, ahsanteni kwa kuja mapema maanake wengine najua mmevuka feri tangu alfajiri. Leo nna jambo moja tu la kuwaambia na mengine yote yatatoka humo: kweri, yaani swali unaloiuliza databesi kwa lugha ya SQL, ikikuletea jibu baya usianze kuichokora, hesabu mistari kwanza.

Babu yangu alifanya kazi bandari ya Kilindini enzi za magunia, kabla kontena hazijajaa, kazi yake ilikuwa kusimama na daftari. Magunia yanahesabiwa yakishuka melini, yanahesabiwa yakiingia ghalani, yanahesabiwa tena yakipanda lori. Yakipungua 20 hakuna kushikana mashati, zinaletwa daftari mbili, pale yalikuwa 800 hapa ni 780, basi yamepotea kati ya pale na hapa, katafute hapo. Data ni vivyo hivyo jamani, kuna mlango wa faili, mlango wa kuingia databesi, yaani ghala la data, kila JOIN, ile amri ya kuunganisha tebo mbili, yaani majedwali ya data, ni mlango, WHERE, ile ya kuchuja mistari, ni mlango, na mtu anayebadilisha kweri mara kumi bila kuhesabu kwenye kila mlango ni kama anapekua lori zote za Changamwe kumbe mzigo haukutoka melini.

Msidhani haya ni ya wanafunzi tu. Mwaka 2020 kule Uingereza wagonjwa wa korona 15,841 hawakuonekana kwenye ripoti za kila siku kwa karibu wiki nzima, kisa ni faili la Excel la aina ya zamani, lile la xls, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536, data ikazidi hapo na iliyozidi ikaachwa nje. Hakukuwa na erori ya kupiga kelele. Wale ni watu, na walokutana nao walichelewa kuambiwa wajitenge. Hesabu mbili tu, ya kutoka na ya kuingia, zingeonyesha siku ileile.

Sasa tuje kwenye kupakia. Unapakia faili la malipo kwenye PostgreSQL, programu ya databesi, kwa COPY, amri yake ya kupakia, inakatika, na mtu ananitumia skrinishoti ya mstari wa kwanza wa erori peke yake akiniuliza tatizo ni nini. Shuka chini! Chini yake imeandikwa kila kitu, tebo malipo, mstari wa 4312, kolamu ya kiasi, na kitu chenyewe ilichokutana nacho: "12,500". Ni koma. Karani ameandika elfu kumi na mbili mia tano kama tunavyoandika kwenye risiti, databesi inataka 12500. Na kwa kawaida COPY ikigonga mstari mmoja mbovu inakataa faili zima, haiingizi hata mmoja, watu wanalalamika lakini mimi naipenda tabia hiyo. Ninayoiogopa ni ile ya kukubali kimyakimya. MySQL, programu nyingine ya databesi, ukitumia amri yake ya kupakia ya LOAD DATA LOCAL, makosa ya aina hii yanageuka kuwa onyo tu, ile "12,500" inaingia kama 12 na kazi inaendelea, ukaambiwa imekamilika, kumbe elfu kumi na mbili za mtu zimekuwa shilingi 12. Kwa hivo ukimaliza tu, kabla hujafanya lolote, andika SHOW WARNINGS usome.

Mimi siku hizi sipakii moja kwa moja kwenye tebo ya kazi. Natengeneza tebo ya mapokezi, kolamu zote ni maandishi matupu, hakuna tarehe hakuna namba, faili linaingia lilivyo na uchafu wake, halafu humo ndani ndio naanza kusafisha kwa SQL. Hapo unaweza kuuliza, nionyeshe kiasi chote kisichokuwa tarakimu tupu, nionyeshe simu zote zisizoanza na sifuri. Simu hasa, maanake mtu akilifungua faili kwenye Excel kisha akasevu, 0722 inabaki 722. Simu si namba ya kujumlisha, iweke kama maandishi, na kitambulisho pia.

Halafu majina yetu. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu vitabu vingi havitatuandikia hili. Mwang'ombe, Ng'ang'a, Mwana'amina, majina yana ile alama ya juu, na SQL inatumia alama hiyohiyo kufungulia na kufungia maandishi. Ukiunganisha kweri kwa mkono, ikifika Mwang inadhani maneno yamekwisha, "ombe" inabaki inaning'inia, erori. Wengine wanaifuta ile alama, mtu anakuwa Mwangombe. Usimharibie mtu jina lake kwa sababu ya uvivu wako, tuma jina kama parameta, yaani kando ya kweri, si ndani ya maneno yake, na utakuwa umefunga mlango uleule ambao wezi wanapenya kuingiza amri zao kwenye databesi. Kuna la pili lililojificha zaidi, nyingine imeandikwa kwenye simu ikatoka imepinda, Mwang’ombe, nyingine kwenye kompyuta ikatoka imenyooka, Mwang'ombe. Kwa jicho ni jina moja, kwa databesi ni mawili tofauti na JOIN haiyakutanishi ng'o. Nilipoteza siku mbili kwa hilo. Sawazisha alama kwenye mapokezi, na usijoini kwa majina kama kuna namba ya kutumia.

Haya, JOIN. Kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini iliniita, ripoti inasema wateja wamelipa kupita kiasi na bosi anataka kujua pesa ziko wapi. Nikachukua kontena moja tu, nikaitoa mistari yake yote. Ada zake tatu, 40,000 na 15,000 na 5,000, jumla 60,000. Malipo mawili, 50,000 na 10,000, jumla 60,000. Mteja hana deni wala hadai. Lakini kweri imejoini ada na malipo kwa namba ya kontena, kila ada ikakutana na kila malipo, tatu mara mbili mistari sita, ada zikajumlishwa 120,000 na malipo 180,000. Mteja anaonekana kazidisha 60,000 ambazo hazipo duniani! Yule kijana aliyeiandika alikuwa ameshaanza kutia DISTINCT, ile ya kuondoa vinavyojirudia, ndani ya SUM, ile ya kujumlisha, na hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu mteja akilipa 30,000 mara mbili itahesabiwa mara moja. Jumlisha ada peke yake kwa kila kontena, jumlisha malipo peke yake, halafu ndio uzikutanishe, mstari mmoja kwa mstari mmoja. Hesabu kabla ya JOIN, hesabu baada, yakizidi uliza kwa nini.

Kuna ile ya wateja ambao hawajalipa, mnaandika NOT IN, yaani nipe wasiomo kwenye malipo, kisha inaleta sifuri, mnafurahi wote wamelipa. Angalia kama ndani ya malipo kuna hata mstari mmoja ambao mteja wake ni NULL, yaani hakujazwa. Mmoja tu unatosha kuifanya kweri nzima irudi tupu, maanake NULL ni "haijulikani" na databesi haiwezi kuapa kwamba huyu si yule asiyejulikana. Badala yake tumia NOT EXISTS.

Na tarehe. Siku ya kompyuta inaanza saa sita usiku, ya kwetu inaanza magharibi, na seva nyingi zimewekwa UTC, ile saa ya kimataifa, ambako siku inageuka ikiwa huku ni saa tisa usiku. Mwenye duka akikwambia nipe mauzo ya usiku wa Ijumaa anamaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, kompyuta inaita Alhamisi. Mwezi wa Ramadhani watu wananunua mpaka daku, mauzo ya saa saba na saa nane yote yanaangukia jana kwenye ripoti. Hifadhi saa pamoja na ukanda wake, ukitoa ripoti badilisha kwa Africa/Nairobi, na kabla ya yote muulize mwenye duka usiku wake ni upi.

Kuhusu kweri nzito nitasema kidogo tu, weka EXPLAIN ANALYZE mbele yake uone inasoma tebo nzima au inapitia indeksi, ile faharasa ya kufikia mistari haraka, na kumbuka hiyo ANALYZE inaiendesha kweri kwelikweli, ukiiweka mbele ya DELETE mistari imekwenda. Ukishapakia data nyingi piga ANALYZE kwenye tebo ili databesi ijue ukubwa mpya.

Sasa fungueni laptopu. Faili nililowatumia ni la malipo, mistari 2,000 bila kuhesabu ule wa kichwa, tebo ya mwisho ina 1,987. Nataka mtu aniambie ile 13 ilikwama mlango gani, kisha ndio tuangalie kweri.