Dereva Huhesabu Saa za Usukani, Mwili Huhesabu Saa za Macho

Ndugu madereva, kaka na dada, na ninyi wenye magari mliokubali kukaa nasi leo, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie saa za kuendesha na mapumziko kwa dereva wa lori la masafa marefu. Naanza na jambo linalonikosesha raha kuliko yote: wengi wetu tunaanza kuhesabu saa pale injini inapowaka, na mwili ulianza kuhesabu zamani, tangu tulipofumbua macho.

Chukueni dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri. Kafika ghalani kupakia, kaambiwa asubiri. Kasubiri, kahangaika na karatasi, kafunga turubai, katoka saa nane mchana. Ikifika saa nne usiku, saa zake za usukani hazizidi 8. Ukisoma kitabu chake cha kuandikia saa za kuendesha utasema huyu bado ana nafasi. Lakini yuko macho kwa saa 17. Mwaka 1997 watafiti wawili, Dawson na Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima hali hiyo: mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake unashuka sawa na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Akifika saa 24, ni kama asilimia 0.10. Katika nchi nyingi hicho kiwango cha kwanza tu kinatosha kukupeleka mahakamani, na dereva wetu hajaonja hata tone.

Sheria zinatofautiana, na ukivuka mpaka unaingia chini ya nyingine, kwa hiyo zijue za kila nchi unayopita. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 153 wa mwaka 1979 unaweka kikomo cha saa 4 za kuendesha bila kupumzika, saa 9 kwa siku na saa 48 kwa wiki. Umoja wa Ulaya unakuruhusu saa 4 na nusu, kisha upumzike dakika 45. Unaweza kuzigawa, lakini lazima zianze dakika 15 halafu zije 30, ukizigeuza hazihesabiki. Marekani inampa dereva wa mizigo saa 11 za usukani, zote ziishe ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi, baada ya kupumzika saa 10 mfululizo. Hiyo kanuni ya saa 14 mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu inayaona yale masaa ya ghalani. Kwa kawaida haisimami ukienda kula, wala haisimami ukisubiri kupakua.

Sasa namna ya kupanga. Safari nyingi hupangwa kuanzia pale gari linapoondokea. Mimi nawaomba mpange kuanzia pale mtakapolala, mrudi nyuma. Chagua eneo la kuegesha kabla hujawasha gari, na chagua jingine lililo karibu zaidi, la kukimbilia ukichelewa. Maegesho ya malori hujaa jioni. Anayeanza kutafuta nafasi amebakiwa na dakika 10 za kuendesha ataishia pembeni ya barabara au atavunja sheria, na huko pembeni hatapata usingizi wa maana.

Halafu tazama saa yenyewe. Mwili una mabonde mawili ya usingizi: kuanzia kama saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na tena mchana kati ya saa nane na saa kumi. Hata aliyelala vizuri huyapitia. Ukiweza, weka pumziko lako humo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, macho yakijifumba sekunde 4 gari limekwenda karibu mita 90 bila dereva.

Kufungua dirisha na kupandisha redio sauti ya juu hakusaidii. Kunakuchangamsha kidogo, nawe unadhani umepona, huku usingizi uko palepale. Kinachosaidia kwa muda ni kusimama mahali salama, kunywa kahawa, kisha kulala hapohapo dakika 20. Kahawa huchukua karibu nusu saa kufanya kazi, hivyo unaamka nayo. Ukiamka usishike usukani mara moja. Shuka, zunguka gari, kagua matairi, upe ubongo kama robo saa uzinduke. Hata hivyo, hiyo ni dawa ya kukufikisha kwenye kitanda. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na saa 10 za mapumziko zina kuoga, kula na kuongea na nyumbani ndani yake. Na wewe unayelala saa zote hizo ukaamka umechoka, unayeambiwa unakoroma na pumzi hukatika usingizini, nenda kwa daktari. Ugonjwa huo unatibika.

Nimalize na wenye magari, maana dereva hapangi peke yake. Umoja wa Ulaya umekataza kumlipa dereva kwa umbali au kwa wingi wa mzigo pale malipo hayo yanapohatarisha usalama barabarani. Waliona kwamba mtu anayelipwa kwa kilomita atauza usingizi wake. Andikeni saa za kusubiri ghalani, mzilipe, mzidai kwa mwenye mzigo. Na dereva akikupigia saa tatu usiku kukwambia amesimama, muulize amesimama wapi na kama pana usalama. Simu ya kueleza kuwa mzigo utachelewa ipige wewe, yeye mwache alale.